Tairi Lililochongwa Samaki

Mbele ya duka la Shariff, mjini Kisii, kulikuwa na benchi ambalo watu walilikalia asubuhi ili kunywa kahawa yake ya bure na kukubaliana naye. Mwaka ule wa kwanza baada ya vita matairi hayakupatikana, kwa hiyo Shariff alikuwa ameteremsha moja kutoka juu ya paa, ambako lilikandamiza mabati miaka yote ya vita, akalifunga mbele ya lori lake. Lilikuwa kipara kabisa. Akamwita Nyamongo, mchongaji wa mawe kutoka Tabaka, alichonge meno mapya. Ongeri hakuja kwa ajili ya kahawa. Lori lile ndilo lingemchukua mkewe, Bosibori, mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari wa macho alipita Kisumu mara moja kwa mwaka, na juma lake lilikuwa hili. Ongeri alitaka mtu mmoja tu amwambie kwamba tairi lile ni salama. Alipata wanne.

— Lakini pembeni lina nyufa, Ongeri alisema.

— Hizo ni pua zake, Baba Nyanchera, alijibu Jethro, Msabato ambaye dini ilimkataza kahawa, naye alikuja kila siku kuinusa. Walimwita Harufu. — Tairi lisilo na nyufa litapumulia wapi?

— Na jua limelipika, alisema Thadeus, aliyerudi kutoka vita vya Burma na kofia, jina la Bama, na majibu yote. — Tofali bichi na tofali la kuchoma, lipi gumu? Hilo sasa ni tofali, bwana.

— Tofali huvunjika.

— Wewe ulikuwa Burma?

Ongeri hakuwa Burma. Akamgeukia mchongaji.

Nyamongo alifuta patasi kwa shati. Alikuwa amechonga mifereji mirefu na, kwa kuwa mkono umezoea, samaki wanaofukuzana katikati.

— Wengine wanakwaruza juu juu, alisema. Mimi nimeingia mpaka ndani.

— Na samaki wa nini? Ongeri aliuliza.

— Samaki ni zawadi.

— Zawadi gani! Ni akili hiyo, alisema Harufu. Watajichapa kwenye tope njia nzima. Lori likipotea, sisi tunafuata samaki tu.

Wakacheka. Ongeri naye akacheka kidogo, maana alihitaji kucheka.

— Halafu pale palipotoboka, alisema Shariff akimimina kahawa, nimeweka ngozi ya fahali, kati ya tairi na tyubu.

— Fahali! Bama akasimama. Ulimwona lini fahali akiteleza? Tairi hilo ukiliacha peke yake Oyugis, katikati ya njia ya Kisumu, jioni liko hapa linatafuta zizi.

— Litafika kabla ya lori, akaongeza Harufu.

Ongeri alianza kuamini. Kuamini kulikuwa rahisi kuliko kutafuta lori jingine.

Ndipo Bosibori akafika, kikapu cha ndizi kichwani, mkono ukipapasa ubavu wa lori kutafuta pa kupandia. Ulipofika kwenye gurudumu, ukasimama. Vidole viliingia ndani ya samaki wa kwanza, vikatoka, vikaingia wa pili.

— Baba Nyanchera, hili limevaa shati?

— Ni michoro, mama, alisema Shariff. Kazi ya Tabaka.

— Michoro nimeishika. Naulizia kitambaa kilicho chini yake.

Akavuta. Uzi ukatoka, ukakatikia mkononi mwake bila shida.

— Mpira mmeumaliza, na nyuzi mmezikata. Sasa kinacholishikilia ni nini?

Harufu aliinusa kahawa ya jirani kwa makini sana. Bama alitazama upande ambao huenda ulikuwa wa Burma. Nyamongo akaitia patasi mfukoni.

— Panda, mama, alisema Shariff. Daktari hangoji mtu.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kwa wanne wale asubuhi ile, na Ongeri alijua. Mwaka mwingine wa ukungu, na pengine mwaka ujao macho hayo yasingekuwa na cha kutibiwa. Alitazama barabara inavyoanza kuteremka baada ya maduka. Kisha akamtua mkewe kikapu, akakibeba yeye.

— Unafanya nini? Na macho yangu?

— Kisumu tunakwenda, alisema. Tutangoja barabarani lipite lori ambalo tairi lake halijasifiwa na mtu.