Abner Angwenyi na Zamu za Mashine ya Kahawa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Manasseh, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake, na nitasoma hata wengine wakikunja uso.

Abner Angwenyi alizaliwa hapa Nyamache mwaka 1917, kifungua mimba wa mzee wetu Machogu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, karo ikamshinda mzee. Alichimba mawe Tabaka, na mwaka 1941 akamwoa Kemuma, binti ya Mama Bochaberi wa kilima cha pili.

Machi 1950 alikabidhiwa kiwanda chetu cha kahawa. Mashine ya kumenya ilikuwa moja, ya kuzungusha kwa mkono, na kahawa mbivu ikilala bila kumenywa inachacha. Kwa hiyo alipanga zamu, kila kilima na siku yake. Nani alifuata? Loo! Mvua ikikatika, vilima vyote mlangoni. "Angwenyi, yangu ni kikapu kimoja tu!" Kila mtu kikapu kimoja tu.

Kisha mkagundua dawa yake. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe machoni, sembuse kumrudisha na mzigo wake. Basi mkambebesha Mama Bochaberi vikapu vyenu! Mama akija siku isiyo yake, marehemu aliinamisha kichwa, akasema, "Karibu, mama," akazungusha. Wenye zamu wakaozewa, wakamtukana yeye. Msimu uliopita kahawa yetu yote ilikataliwa kwa kunuka. Ama mmeshasahau?

Kifua kilimlaza hospitalini Kisii Septemba mwaka huu. Kila nilipomtembelea aliuliza, "Leo ni zamu ya nani?" Huku kiwandani, mlangoni alikaa Kemuma, ambaye kamati ya kiwanda ilimkatalia kazi hiyo miaka yote, eti mwanamke hawezi mashine. Mama Bochaberi akaja na vikapu siku isiyo yake.

"Mama, rudi. Siku yako ni Alhamisi."

"Unanifukuza mimi niliyekuzaa?"

"Ndiyo, wewe. Mume wangu hakuweza."

Mama akageuka, na nyinyi wote nyuma yake. Tangu siku hiyo hakuna kahawa iliyochacha. Nilipomsimulia marehemu, alicheka mpaka machozi. Akasema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akageukia ukutani. Alifariki tarehe 14 Novemba 1956.

Ameacha mjane Kemuma, watoto wawili, Ondieki na Gesare, na mama mkwe. Mungu ampe mapumziko ambayo sisi tulimnyima.