Mama Ombeni Anatuachia Mti Mmoja

Leo ni Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Klabu ya Mazingira imenipa ukurasa huu katika ratiba ya sherehe, nami nimeahidi kueleza yote ninayoyajua kuhusu Bi. Apolonia Kihwele, hata yale ya kuchekesha. Anastaafu leo baada ya kuitunza bustani ya shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Sote tunamwita Mama Ombeni.

Alikulia Mgololo, na ujana wake aliutumia kwenye mashamba ya paini. Huko alifundishwa kupogoa: unakata matawi yote ya chini ili shina lipande juu likiwa safi. Alipoajiriwa hapa Iringa, kazi yake ya kwanza ilikuwa misaiprasi, yaani ile tunayoiita miti ya Krismasi, iliyozunguka nyumba ya mkuu wa shule. Akaipogoa kwa mtindo wa shambani. Mkuu wa wakati huo, Mwalimu Naima, alirudi jioni akakuta kila apitaye barabarani anaziona nguo zake kwenye kamba.

"Jamani Apolonia, umeivalisha miti yangu kaptula!"

Mama Ombeni alimjibu bila wasiwasi kwamba itaota tena. Haikuota.

Hapo ndipo udadisi wake ulipoanza. Mbona mpera ukiukata unachipua, na msaiprasi umegoma? Akachagua tawi moja, akalikata penye majani mabichi. Jingine akalikata ndani zaidi, kwenye sehemu ya kahawia isiyo na jani. Akafunga kitambaa kwenye kila moja, akasubiri mvua. La kwanza lilichipua. La pili mpaka leo ni kijiti kikavu, ametuonyesha, tumeligusa.

Tangu hapo haumalizi mti kwa mara moja. Anaupunguza kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, bila kuvuka ukijani. Tukimharakisha akiwa juu ya ngazi, husema, "Wanangu, ukimnyoa mtu humkati na sikio."

Ndivyo alivyoipigania misaiprasi mitatu ya bweni letu. Ilipandwa karibu mno na ukuta. Ikafika paani, majani makavu yakaziba mifereji, na vyumba vikawa giza mchana. Bodi ya shule ilitaka yote iangushwe. Tulihuzunika sana, kwa sababu ndiyo inayotukinga na upepo wa Juni. Mama Ombeni aliomba apewe muda, na sasa miwili imesimama mbali na bati, mibichi pande zote.

Wa tatu bado. Bodi itakaa Januari, na ikiukuta unagusa paa, utaangushwa. Kazi hiyo sasa ni yetu wanaklabu.

Mama, ahsante kwa ngazi uliyotushikia, na kwa kutuacha tuulize bila kutuchoka. Ukapumzike vizuri kwenu Mgololo, na viazi vyako vistawi. Lakini kabla hujafungasha mizigo, tunaomba jibu. Upande wa paa wa mti ule hauna jani bichi ila kwenye ncha zinazolala juu ya bati. Tukikata ndani, mti utaachwa usimame, lakini upande huo utabaki mtupu daima. Je, tukate, au iko njia ambayo bado hujatuonyesha?