Glovu Iliyofunguka ya Verlin Stoltz

Misimu kumi na tisa si mchezo! Jumatatu, tarehe 1 Septemba 2014, Verlin Stoltz, mrushaji wa timu yetu ya Coopers, anastaafu besiboli. Amezunguka jimbo zima la Iowa kwa basi lisilo na kipoza hewa, amekula soseji kupita kiasi, na ameshinda mechi 141 ambazo nje ya mji huu hakuna anayezijua.

Alikuja mwaka 1996 na ndoto moja tu: kusimama ligi kuu, hata kwa siku moja. Silaha yake ilikuwa mpira wa kupinda. Lakini kufikia 1999 wapigaji walikuwa wakiutandika watakavyo. Aliyemtesa zaidi ni Dwayne Pruett wa timu jirani, aliyeupeleka mara nne hadi kwenye maegesho ya magari, akapanda ligi kuu, akamwacha Verlin hapa hapa.

Makocha walikuna vichwa. Mimi, mdakaji wake, nilikuwa nikimtazama kila siku nisione kitu, aibu yangu! Aliyegundua ni mama yake, Arlene, aliyekuwa jukwaani akifuma sweta. Alisimama akapaza sauti: "We Verlin! Kila ukitaka kurusha wa kupinda unaipanua hiyo glovu kama mtoto anayeomba pipi!"

Kumbe wapigaji walikuwa wakiiona glovu ikifunguka, wakajua mapema ni mpira gani unakuja! Ilimchukua msimu mzima kuacha tabia hiyo. Kisha akaanza kushinda.

Agosti 2007 timu moja ya ligi kuu iliishiwa warushaji, ikamwita. Sisi tulibanana mbele ya televisheni. Kipindi cha tisa, cha mwisho, timu yake inaongoza kwa pointi moja, wapinzani wamejaa vituo vyote, anatakiwa kutolewa mtu mmoja tu. Anayekuja kupiga? Pruett! Akakosa mara mbili. Bado moja, maana akikosa mara ya tatu anatoka. Hapo tukaiona glovu ya Verlin ikifunguka.

"Mungu wangu, karudia tena!" nikapiga kelele.

Pruett naye aliiona. Akatabasamu, akausubiri mpira wa kupinda. Ukaja ulionyooka, wa moto. Akapiga upepo, mechi ikaisha, nasi tukavunja viti viwili kwa furaha.

Kesho yake Verlin alirudi kwetu. Hakuitwa tena, wala hakulalamika hata siku moja.

Asante, kaka, kwa yote. Mama Arlene tumemwekea kiti chake kile kile. Tunakutakia mapumziko ya raha. Na leo, kwenye mpira wako wa mwisho, ipanue hiyo glovu upendavyo.

Lonnie Haverkamp, mdakaji wako