Marehemu Ilsur, Aliyesindikizwa na Dada Yake

"Andika aliteleza kwenye barafu," mjomba Talgat alimwambia mama jana, karatasi hii ikiwa bado tupu mezani. "Watu watatucheka, dada'ngu. Kiwandani nitauweka wapi uso wangu?"

"Uso wako umepatwa na nini?" mama akamjibu. "Barafu gani hiyo inapasua kichwa mara nne? Rezeda, andika ilivyokuwa."

Mimi Rezeda, dada wa marehemu, nimeandika ilivyokuwa, na naisomea hapa uani kwa sababu sisi wanawake hatuingii makaburini.

Marehemu Ilsur, mtoto wa pili na wa mwisho wa Anvar na Nurania, alizaliwa tarehe 2 Novemba 1969 hapa Kazan, katika banda la mbao lililokuwa kando ya reli, ambamo familia sita zilizotoka vijijini kuja kujenga kiwanda zilipikia jiko moja, na wakati ule vijana wa ua huu walikuwa timu tu ya mpira wa magongo kwenye barafu, wakipigana ngumi na wenzao wa ng'ambo ya reli siku za Jumapili, na damu ya kwanza ikitoka wote wanakwenda kwao kunywa chai.

Alianza shule tarehe 1 Septemba 1977, na mwaka huohuo kiwanja cha barafu kilijengwa gereji za magari ya wakubwa wa kiwanda, klabu ya watoto ikafungwa kwa kukosa mwalimu, na wazazi walikuwa wakipishana mlangoni, huyu anaingia zamu, yule anatoka, hivyo waliobaki uani kulea watoto ni waliotoka jela, nao walifundisha walichokijua, kwamba mtaa una mpaka, mkubwa hutiiwa, na mwanamume haombi radhi. Ninyi watu wazima mlishukuru kwamba watoto hawawasumbui.

Baba alifariki tarehe 19 Januari 1983, nami nilipomaliza darasa la nane niliacha masomo, nikachukua kazi yake ya kusafisha ua na sepeto yake ya theluji, ambayo mnaisikia kila siku saa kumi alfajiri.

Tarehe 1 Septemba 1985 Ilsur aliingia chuo cha ufundi ng'ambo ya reli kusomea uchomeleaji, na kazi yake ya kwanza ni kile chuma cha kukwangulia viatu kilicho mlangoni petu, mmekikanyaga nyote leo. Hakuoa, hakuacha mtoto, alikuwa na miaka kumi na sita.

Februari mwaka huu, 1986, mitaa miwili, wetu na wa ng'ambo ya reli, ilipoanza kupigana kwa nondo, njia ya chuoni ikawa ya hatari, lakini mnaijua sheria ambayo hata wao wanaiheshimu, kwamba kijana anayetembea na mwanamke haguswi. Basi kila asubuhi, nikishamaliza theluji, nilimshika mkono nikamvusha reli hadi lango la chuo, na hakuna aliyemgusa. Waliomuumiza kwanza ni wa ua wetu. "Ilsur, yaya amekufunga kamba za viatu leo?" Raif alikuwa akipaza sauti pale ngazini, nanyi wenzake mkicheka. "Mwambie akupenge na kamasi!"

Jumanne tarehe 11 Machi alivuka reli peke yake, akapigwa saa mbili kasorobo, akalazwa siku tatu bila kuzinduka, akafariki Ijumaa tarehe 14 saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari waliokesha naye, walimu na wanafunzi wa chuo, majirani mlioleta unga na samli, na hata ninyi ambao madirisha yenu yanatazama reli, mkashusha mapazia, maana leo mmetoka nje.

Raif, shada lenu tumeliona, na nondo mlizozificha chini ya ngazi tumeziona pia, nazo sasa ziko chini ya kitanda cha mama. Mtambeba Ilsur hadi kaburini kwa sababu mjomba mmoja hawezi kubeba peke yake, lakini mkitoka mtatukuta langoni, mama zenu, dada zenu na nyanya zenu, na kila mmoja atamshika wake mkono hadi nyumbani, leo, kesho, na asubuhi zote, na atakayeona aibu acheke mwenyewe kwanza, kwa ile sauti aliyomchekea mdogo wangu.

Ilsur, lala pasipo na mpaka wa mtaa. Jumanne ile nilikuwa nimefagia tangu saa kumi, macho yakinifumbika, na alipokataa mkono wangu sikumng'ang'ania, nilisema tu, "Haya, nenda, dume." Nilidhani ni kwa sababu ya kicheko chao. Akakwangua viatu vyake kwenye chuma kile ingawa alikuwa anatoka, akaniambia akiwa mlangoni, "Lala, dada. Nikifika salama leo, na kesho utalala."