Kofia Juu ya Kiti: Maisha ya Mwalimu Chanfi Soidri (1947–2000)

Marehemu Mwalimu Chanfi Soidri hakunyanyuka kitini hata siku moja bila ya kuvua kofia yake na kuiweka pale alipokuwa amekaa. Akienda kutia udhu, kofia kitini. Akiitwa mlangoni, kofia kitini. Kiti chenyewe ni hiki cha mbao kilichosukwa kwa kamba, hapa karibu na mlango wa nyumba ya mkewe, mtaa wa Badjanani, Moroni. Wageni walikuwa wakicheka. Bi Faouzia, mkewe, aliyeishona kofia ile kwa mkono wake, alimwambia, "Mwalimu, nani atakuibia kiti humu ndani?" Naye akamjibu, "Kiti hakiibiwi, mama. Watu husahau tu kuwa kina mwenyewe."

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 Mutsamudu, kisiwani Anzuani. Baba yake alikuwa Mzee Soidri, fundi seremala. Mama yake alifariki Chanfi akiwa bado ananyonya, akalelewa na dada yake mkubwa, Bi Zoubeida, ambaye mpaka leo husema kuwa mtoto yule alichelewa kusema na alipoanza hakunyamaza.

Mwaka 1955 alipelekwa Unguja kwa mjomba wake. Huko alisoma chuoni na skuli, na huko ndiko alikojifunza Kiingereza, wakati wenzake waliobaki visiwani walikuwa wakisoma Kifaransa. Alirudi mwaka 1968. Alirudi na Kiswahili chake, nacho ndicho kilichosemwa nyumbani mwake, na ndiyo sababu wasifu huu unasomwa kwa lugha hii, wajomba na ndugu waliofika kutoka Unguja nao wapate kusikia.

Alianza kusomesha Kiingereza Mutsamudu mwaka 1970, akahamia huku Moroni, kisiwani Ngazija, mwaka 1974. Hakuwa mkali. Alikuwa na kikombe chenye ufa na kikombe kizima, akivibeba katika mkoba mmoja na vitabu, na kila mwaka mpya wa masomo alivitoa siku ya kusomesha kitenzi alichokipenda kuliko vyote, 'replace', yaani kukiondoa kitu na kukiweka kingine mahali pake. Alikiondoa mezani kile cha ufa, akakiweka kile kizima.

"Kilichotoka kitajeni kwanza," aliwaambia. "Kilichoingia kitajeni baadaye, na katikati tieni 'with'. Msinitilie 'by' kwa sababu ya Kifaransa chenu."

Miaka ile serikali zilikuwa zikipinduliwa usiku, na mwanafunzi wake mmoja, Djoumoi, mtoto wa mfanyabiashara, alinyoosha mkono. "Mwalimu, naweza kusema rais?"

"Sema."

"Tatizo sijui yupi katoka na yupi kaingia. Usiku nilikuwa nimelala."

Darasa lilivunjika mbavu. Mwalimu aliwaacha wacheke mpaka wachoke, kisha akasema, "Ndiyo maana nakusomesheni mapema. Asubuhi mkiamka, muwe na kitenzi tayari."

Djoumoi hakukoma. "Na kofia yako kitini, Mwalimu? Nayo ndiyo ina-'replace' wewe?"

"Hata kidogo," alisema marehemu. "Kitenzi hiki ni cha aliyekwisha kuondoka, mwingine kapewa mahali pake. Kofia inanishikia tu. Mimi narudi."

Wanafunzi wake wengi wamo humu leo, na wanalikumbuka neno hilo.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Bi Faouzia binti Attoumane. Wageni wetu wajue kwamba kwetu nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, na mume huingia na nguo zake. Wakiachana, huondoka na nguo zake, na kofia ikionekana kwenye nyumba ya mwanamke, watu hujua kuwa mwanamke huyo ana mume, na mume ni mwenye kofia ile. Hakuna anayeuliza. Kuuliza ni utovu wa adabu. Walijaaliwa watoto watatu. Jioni marehemu alikaa kitini akiwasikiliza wakisoma, na migomo ilipozifunga skuli na binti yake mdogo, Ibtissam, akaacha kusoma, ni yeye aliyemsomesha hapohapo mlangoni, kwa vikombe vilevile viwili.

Agosti 1997 Anzuani ilitangaza kujitenga. Marehemu hakupenda kuzungumzia siasa. Aliambiwa barazani, "Mwalimu, nyinyi mmetuacha," akajibu, "Mimi? Mimi nimekaa." Wengine walicheka. Wengine walianza kutocheka.

Mapema mwaka 1999 ulikuja ujumbe kutoka Mutsamudu. Mwalimu Tayeb, rafiki yake tangu walipoanza kazi, ameanguka kwa maradhi, na darasa la mtihani halina mtu wa Kiingereza. Marehemu alikubali kwenda kumshikia mpaka apate nafuu. Aliondoka Jumamosi tarehe 6 Machi, akafikia kwa dada yake, Bi Zoubeida, kijijini Patsy, akawa akiteremka mjini kila asubuhi.

Mwezi wa Aprili mambo yakachafuka hapa Moroni. Wajumbe wa Anzuani walikuwa hawakutia saini mapatano ya kuviunganisha tena visiwa, na vijana wakaingia njiani kuwatafuta watu wa kisiwa kile nyumba kwa nyumba. Watu tuliokula nao futari walishushwa bandarini na mabunda yao kichwani. Saïndou, kaka yake Bi Faouzia, alikuja mbio. Alipoiona kofia ya shemeji yake kitini, akaiondoa, akavua yake, akaiweka.

"Unafanya nini?" Bi Faouzia aliuliza.

"Nakulindia nyumba, dada. Kofia ile mtaa mzima unaijua ni ya nani."

Vijana walibisha hodi kabla ya adhuhuri. Walikuwa na adabu, na hilo ndilo lililotisha zaidi. "Mama, humu mna mtu wa Anzuani?"

"Hamna."

"Na kofia hii?"

Bi Faouzia alikuwa ameiminya kofia ya mumewe chini ya buibui. "Ya mwenye nyumba," alisema. Alikuwa na maana ya kaka yake, lakini aliyesikia angedhani ni mume.

"Yangu," Saïndou alisema kutoka ndani. "Mnataka kuijaribu? Vichwa vyenu vidogo."

Wakaenda zao. Bi Faouzia alimtuma mtu amwambie mumewe asirudi kwanza, mpaka hali itulie. Na kwa kuwa haikutulia, kofia ya Saïndou ilibaki kitini.

Ndipo Djoumoi, yule mwanafunzi wa zamani, sasa mfanyabiashara wa nguo na dawa anayekwenda visiwa vyote viwili, alipopita kumwamkia Bi Faouzia kabla ya safari. Alisimama mlangoni. Aliiona kofia kitini, akajua si ya mwalimu wake. Hakuuliza. Mtu mwenye adabu angefanya vivyo hivyo. Alipofika Mutsamudu, marehemu alimuuliza habari za nyumbani, naye akainamisha kichwa. Marehemu akambana mpaka akasema.

"Kuna kofia nyingine, Mwalimu."

Marehemu alikuwa tayari ameshapata ule ujumbe wa asirudi. Akaviunganisha viwili hivyo. Bi Zoubeida anasema alirudi kutoka kusali isha, akasema, "Faouzia kaipanga sentensi vizuri. Wa kutoka kwanza, wa kuingia baadaye." Hakuandika talaka, wala hakuomba maelezo. Mwalimu Tayeb alifariki Agosti mwaka huo, na marehemu akaombwa abakie, akabakia. Bi Faouzia alipotuma neno mwezi wa Januari kuwa sasa njia ni salama, arudi, alijibiwa kwa maneno mafupi kuwa ana darasa la mtihani. Hapa Badjanani alilia kwa kudhani kuwa mumewe amerudi kwao moja kwa moja. Kule Patsy mumewe alidhani anaitwa kuja kuchukua nguo zake.

Marehemu alikuwa na maradhi ya presha kwa miaka mingi. Dawa zake zilitoka Moroni. Mwaka 2000, Anzuani ilipowekewa vikwazo, simu zikakatwa na vyombo vikazuiwa, dawa zikamwishia. Alianza kufa ganzi mkono wa kulia, ule wa chaki.

Mwanzoni mwa mwezi huu wa Mei, Djoumoi alikuja kwa Bi Faouzia kumuuliza kama ana dawa zilizobaki, kwani amepata njia ya kuvukia. Ndipo alipomkuta Saïndou amekaa kitini, na kofia ileile kichwani. Alisimama akaitazama kofia ile.

"Shemeji wa Mwalimu," alisema, "kofia hiyo ni yako?"

"Ya nani tena?"

Djoumoi alikaa chini sakafuni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasimulia alichomwambia Mwalimu kule Mutsamudu. Siku hiyo ndiyo Bi Faouzia alipojua alichokidhani mumewe mwaka mzima. Alimpa Djoumoi dawa zote, akamwambia, "Mwambie ni ya Saïndou. Kabla hujampa dawa, mwambie hilo."

Djoumoi alifika Patsy Jumatano, akasema kama alivyoagizwa. Bi Zoubeida anasimulia kuwa marehemu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Kumbe ilikuwa inanishikia tu." Akaomba kanzu yake ipigwe pasi. Akaulizia chombo. Chombo hakikuwapo. Alifariki Ijumaa tarehe 12 Mei 2000, kanzu ikiwa imetundikwa mlangoni, akazikwa Mutsamudu siku hiyohiyo. Sisi habari ilitufikia Jumatatu, pamoja na barua ya Bi Zoubeida iliyovushwa kwa siri. Kaburi lake hatujaliona. Leo tumemsalia sala ya ghaibu.

Ameacha mjane, Bi Faouzia, ambaye yuko ndani amekaa eda. Watoto Maanrifa, aliyeko Marseille, Anrafi na Ibtissam. Dada yake, Bi Zoubeida. Shemeji yake Saïndou. Na wanafunzi wasiojua kutia 'by' mahali pa 'with'. Ewe Mola, mpokee mja wako, umpe makazi yasiyo na wa kumwambia ondoka.

Bi Faouzia ameomba wasifu huu usiishie kaburini. Ameomba uishie asubuhi ile ya tarehe 6 Machi. Marehemu alikunywa chai, akakiosha kikombe mwenyewe. Akavaa kofia yake kuukuu, ile nyeupe iliyofubaa, na ile nzuri akaiweka kitini.

"Utakwenda kwenu na hiyo?" mkewe alimwambia. "Watasema Wangazija tumekuvalisha vibaya."

"Waache waseme. Nzuri ikae. Nisipoiacha, Saïndou atakikalia kiti changu."

Wakacheka wote wawili. Akachukua mkoba wake, akateremka na kichochoro kuelekea bandarini, na Bi Faouzia akaingia ndani kufagia, akipita kando ya kiti asiiguse kofia, kwa kuwa mwenyewe anarudi.