Sista Kashindye na Uchungu wa Mgongoni

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya ukunga, kwanza Nansio na kisha kituoni kwetu Nyakato, Sista Kashindye Mashimba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wodi ya wazazi inamruhusu kwa shingo upande.

Wapo wanaojulikana kwa vyeo. Yeye anajulikana kwa viganja. Mama akifika na uchungu wa mgongoni, Sista humpigisha magoti na kumwegemeza kitandani, kisha humkandamiza chini ya kiuno kila uchungu unapokuja. Humweleza taratibu kwamba mgongo haujavunjika, mara nyingi ni kisogo cha mtoto kinachosukuma uti wa mgongo, na mtoto bado anaweza kugeuka. Kujua hivyo tu kumewapunguzia wengi hofu.

Waume nao hawakusalimika. Jitesh, mwenye duka la vitambaa Mirongo, alipopewa zamu mgongoni kwa mkewe Dhara, alibonyeza kama anayepima embe kama limeiva. Sista akamwagiza abonyeze kama anafunga sanduku lililojaa nguo. Dhara alijifungua salama. Aliyeondoka akiomba dawa ya kuchua ni Jitesh.

Lakini mimi nitamkumbuka zaidi kwa ajili ya Gladness wa Igombe. Wanawake wanaoanika dagaa hushinda wameinama mchangani, kwa hiyo mgongo ukiuma husema ni kazi tu. Kwa kudhani hivyo, Gladness alichelewa nyumbani akampoteza mtoto wake wa kwanza.

Gladness alipokuwa na mimba ya pili, Sista alikwenda ufukweni siku yake ya mapumziko kununua kitoweo. Akamwona anageuza dagaa, anasimama akiuma midomo, anaendelea, kisha anasimama tena. Akamwambia huo ni uchungu. Gladness akakataa katakata: tumbo haliumi, na mvua ilikuwa njiani kuharibu dagaa wake.

Sista hakubishana. Alimkalisha, akamweleza kwamba maumivu ya kazi hupungua ukipumzika, lakini uchungu huja na kuondoka hata ukikaa. Maumivu yakaja, yakaondoka, yakaja tena. Hapo Gladness aliangua kilio, maana alielewa kilichompata mara ya kwanza. Majirani wakaanua dagaa, Sista akamleta kituoni akimkandamiza mgongo njia nzima.

Mtoto alilia kwa nguvu, nasi tukalia naye. Anaitwa Mihayo, yuko darasa la pili. Tangu siku ile Sista hurudi Igombe kuwafundisha kina mama tofauti hiyo, na sasa wanawahi kufika kituoni.

Sista, asante. Tutaendelea kukandamiza pale pale ulipotuonyesha, ingawa tunajua kina mama watakuulizia wewe. Nenda Ukerewe kwa wajukuu, upumzike, na safari hii ukubali kukandwa: mgongo wako umeinama miaka yote hii juu ya migongo ya wenzako.

Venant, kwa niaba ya wodi ya wazazi