Bibi Shamba Gaudiosa na Viazi vya Bondeni

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, Mtendaji wa Kata, wageni wetu mliopanda kutoka ziwani na mlioteremka kutoka Litembo, wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kikundi cha wakulima, poleni na jua. Mimi Benadetha, mwenyekiti wenu, nimepewa heshima ya kumuaga Bibi shamba Gaudiosa, anayestaafu leo. Wengi mmeshamsifu kwa upole wake. Mimi nitamsifu kwa ubishi wake.

Mwaka ule mihogo yetu ilipoozea ardhini kwa ugonjwa, nani hapa Kingerikiti ameusahau? Ndipo ikaja mbegu ya msaada ya viazi mviringo, na kila nyumba, ya mlimani na ya bondeni, ikatayarisha matuta. Gaudiosa akasema, subirini kwanza. Akazunguka na jembe lake akichimba mashimo kutoka juu hadi chini, akifinya udongo kiganjani, akiacha vipimajoto vikeshe kwenye mashamba ya watu. Kisha akasimama mkutanoni:

"Mlimani viazi vitazaa. Bondeni joto halipungui hata usiku, havitazaa. Mbegu yote ipandwe mlimani."

Ndugu zangu, mtu mwenye njaa aambiwe hivyo, tena na mwanamke aliyezaliwa mlimani! Mama Notburga wa bondeni, ambaye yuko hapa na ameniruhusu niseme, aliinuka: "Unawapendelea watu wa kwenu! Wanangu wale nini, joto?" Watu wakampigia makofi. Tangu siku ile Gaudiosa akipita bondeni akisalimia, akawa haitikiwi.

Angeweza kugawa mbegu sawasawa, yeye apate amani na sisi tupate hasara. Nani angemlaumu? Badala yake alibeba ndoo moja ya mbegu, akaenda kupiga hodi kwa Mama Notburga.

"Shikamoo, mama. Sikuja kubishana. Tulime pamoja: hapa viazi, pale penye majimaji mpunga. Nikikosea, nitasema mbele ya mkutano kwamba nimekosea."

"Na nikikosea mimi?"

"Hutasema kitu, mama. Tutakula wali."

Basi viazi vile vikastawi! Majani mazito, ya kijani, hata watu wakawa wanakwenda kuyatazama na kumcheka Gaudiosa njiani. Mwenyewe aliniambia, "Benadetha, naogopa. Labda nimewanyima watu chakula."

Siku ya kuchimba tulijaa shambani. Mama Notburga akang'oa shina la kwanza, tukaona vijiviazi kama punje za karanga. La pili, vilevile. La tatu, mizizi mitupu. Akakaa chini kwenye tuta, akalia. Hapakuwa na wa kucheka tena. Gaudiosa akapiga magoti kwenye udongo uleule, akamshika mkono.

"Mama, shamba lako si baya. Tumeliomba kisicho chake."

Akamwinua, wakaenda pamoja hadi kwenye mpunga, nao ulikuwa umeanza kuinamisha masuke.

Leo wa mlimani wanateremsha viazi, wa bondeni wanapandisha mchele, na anayewafundisha wenzake kilimo cha mpunga ni Mama Notburga. Kuujua udongo ni elimu, na elimu hiyo wengi wanayo. Lakini kumwambia hapana mtu unayempenda, kisha ukabaki naye shambani mpaka aone mwenyewe, hilo nimeliona kwa mmoja tu.

Bibi Gaudiosa, watu wa bondeni wamekutengea shamba kando ya mto. Wanasema ukalale kwako mlimani, lakini kulima ulime kwao. Na udongo wake hawakuupima, wamekuachia wewe. Wamesema hawana haja ya kugombana nawe tena.

Nenda ukapumzike, mama yetu. Nanyi nyote mlionitegea sikio juani, Mungu awabariki, asanteni sana.